Maswali ya Wasomaji: Kukarabati Nyumba ya Mawe ya Kupangisha Bila Kuiharibia Asili Yake

Barua za safari hii zimetoka kwa wenye nyumba na wapangaji wa miji ya mawe ya pwani: Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Wengi wanataka kuokoa mlango wa nakshi, zidaka (vile vishubaka vya ukutani vyenye nakshi) au boriti, na ni vyema. Lakini vitu hivyo vyote vinashikiliwa na ukuta wa matumbawe na chokaa, kwa hiyo tunaanza na ukuta.

Assalaam alaykum wahariri. Nina nyumba ya urithi Kiponda, Unguja, na vyumba vya chini nimepangisha. Ukuta mmoja lipu inamomonyoka mpaka kimo cha kiuno na unatoa unga mweupe wa chumvi. Miaka ya nyuma tulibandua chokaa tukapiga saruji. Sasa saruji nayo inadondoka vipande vipande. Fundi anataka tupige saruji nzito zaidi yenye dawa ya kuzuia maji. Nikubali? – Mama mwenye nyumba

Waalaykum salaam, mama. Usikubali. Saruji ndiyo iliyokufikisha hapo.

Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita au zaidi, na chini hauna kitu cha kuzuia maji ya ardhini. Tangu ulipojengwa umekuwa ukinyonya maji kutoka chini na kuyatoa hewani kupitia lipu ya chokaa. Ulipopigwa saruji, njia ya kutokea ikazibwa. Maji hayakurudi chini. Yalipanda juu zaidi kutafuta upenyo, ndiyo maana unyevu sasa uko kiunoni. Na maji hayo yana chumvi. Yanapokauka nyuma ya lipu, chumvi inabaki, inaganda chembe chembe, na chembe zinapokua zinaisukuma lipu mpaka ibanduke. Saruji ikidondoka huondoka na uso wa jiwe, kwa sababu ni ngumu kuliko tumbawe lenyewe. Ukipiga nzito zaidi, maji yatapanda hadi kwenye vichwa vya boriti, na hapo utakuwa na tatizo la dari, si la lipu tena.

Kabla ya kununua chochote, tafuta maji ya ziada. Mlizamu wa paa unamwaga wapi? Karo la jirani linavuja? Njia ya nje imeinuliwa ikawa juu kuliko sakafu yako? Je, baraza imepigwa saruji mpaka ikagusa ukuta? Mara nyingi kurekebisha mlizamu na kung'oa ukanda wa saruji wa upana wa sentimita 30 chini ya ukuta hupunguza unyevu kuliko lipu yoyote.

Kisha bandua saruji yote mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu. Tumia tindo na nyundo ndogo, tindo ilazwe, isielekezwe moja kwa moja kwenye jiwe. Mashine ya kuchimbua isiingie: mtikisiko wake hulegeza udongo ulio ndani ya ukuta. Anza masika yakiisha, mwezi wa sita, ili ukuta upate kipupwe na miezi mikavu inayofuata. Kadirio la mafundi wa nyumba za zamani ni kwamba ukuta ulio wazi hukauka kiasi cha sentimita 2.5 kwa mwezi, kwa hiyo wa nusu mita, hata ukikaukia pande zote mbili, unataka miezi mingi. Chumba hicho usikipangishe wakati huo, au mpunguzie mpangaji kodi. Chumvi ikichomoza, isugue kwa brashi kavu na uikinge kwenye ndoo ikatupwe mbali. Usiioshe kwa maji, maana itarudi ndani.

Ukuta ukishapumzika, ziba mashimo kwa vipande vya matumbawe na chokaa, si kwa mabonge ya saruji. Halafu lipu. Chokaa nzuri ni ile iliyolowekwa shimoni au kwenye pipa kwa miezi 3 au zaidi, ikawa rojo nzito. Ukilazimika kutumia ya mfuko, hakikisha ni mpya na uiloweke wiki 2 kwa uchache. Chokaa iliyokaa dukani imeshanyonya hewa na haishiki tena. Mchanga usiwe wa pwani. Utie mchanga kwenye chupa ya kioo yenye maji, utikise, uache utulie: tope linalokaa juu likizidi sehemu moja ya kumi, uoshe kwanza. Onja maji yake. Yakiwa na chumvi, tafuta mchanga mwingine.

Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Kwa lipu ya sentimita 2, kila mita moja ya mraba hula takriban ndoo moja ya lita 20 ya mchanga na theluthi ya ndoo ya chokaa. Changanya kwa kuponda na kugeuza sana, sio kwa kuongeza maji. Nyunyizia ukuta maji mpaka uache kuyanyonya kwa pupa, tupia mkono wa kwanza wa milimita 10, ukwaruze alama ukiwa bado mbichi. Mkono wa pili usubiri mpaka dole gumba lisizame lakini ukucha uache alama, kwa kawaida siku 5 hadi 7. Wa mwisho ni milimita 3 tu, kwa mchanga uliochekechwa. Muda wote huo tundika magunia mabichi mbele ya ukuta na unyunyize asubuhi na jioni. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevunyevu. Ikikaushwa na upepo wa kaskazi inageuka unga. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, imekauka haraka au chokaa imezidi.

Fundi atakwambia, "Tutie saruji kidogo tu ipate nguvu." Mkatalie. Saruji kidogo haitoshi kuimarisha, lakini inatosha kuzuia chokaa isikomae.

Mwisho upakwe chokaa, si rangi ya maji ya dukani. Chukua rojo 1 kwa maji 3 au 4, uichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka mikono 4 au 5 myembamba, kila mmoja usubiri siku moja. Mkono mzito unaonekana mzuri leo na unachafua nguo za mpangaji kesho. Macho na ngozi vikingwe. Chokaa inachoma, na ikiingia jichoni ioshwe kwa maji mengi papo hapo na kwenda hospitali.

Ujue pia kwamba pale chini lipu mpya nayo italiwa na chumvi. Hiyo ndiyo kazi yake, iliwe yenyewe jiwe libaki. Tenga fedha za kuipiga upya sehemu ya chini kila baada ya miaka kadhaa.

Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu. Chumba cha ndani juu kina zidaka za zamani. Sakafu yake imelala katikati na boriti mbili zimeoza karibu na ukuta. Tunataka kuipangisha kwa wageni na kila chumba kiwe na bafu lake. Fundi anashauri tutoe boriti zote tumwage zege la nondo. – Ndugu watatu wenye nyumba

Ndugu zetu, boriti mbili zimeoza; badilisheni mbili.

Sakafu ya aina hiyo ni boriti za mikoko, juu yake mawe bapa ya matumbawe, juu yake zege la chokaa lililotwangwa. Vyumba vya Lamu ni vyembamba, kiasi cha mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa huo ndio urefu ambao boriti inaubeba vizuri. Sasa pigeni hesabu: zege la nondo la unene wa sentimita 10 kwenye chumba cha mita 2.5 kwa 6 ni mita za ujazo 1.5, nalo lina uzito wa karibu tani 3.6. Mzigo huo utaegemea kuta za matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa na udongo, na kingo zake ngumu zitakata ukuta kila jengo linapojongea. Isitoshe, kuzitoa boriti zote kwa pamoja ni kuuachia ukuta mrefu usimame bila kifungo. Beit al Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, ilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Hakuna kazi ya dari isiyoanza na kutegemeza.

Pimeni boriti moja moja kwa bisibisi, hasa sentimita 30 za mwisho kabla haijaingia ukutani. Bisibisi ikizama sentimita 1 au zaidi bila nguvu, kichwa kimeoza. Tazameni pia njia za mchwa: mirija ya udongo kwenye ukuta ina maana kuna unyevu mahali, na dawa ya mchwa bila kuzuia maji ni fedha ya bure.

Kubadilisha: simamisheni miti miwili au mitatu pande zote mbili za boriti mbovu, juu yake ubao mnene wa kupita chini ya boriti za jirani, na chini ubao mwingine wa kusambaza uzito. Kama chini ya sakafu hiyo kuna chumba kingine chenye boriti, mtegemeze nacho mpaka ardhini. Kazeni kwa kabari pole pole mpaka miti ibebe, bila kuinua. Sakafu iliyolala kwa miaka ikiinuliwa kwa nguvu hupasuka. Kateni boriti mbovu katikati, mvute kila nusu kuelekea katikati ya chumba. Boriti mpya iwe kavu, imeondolewa gome, na iingie ukutani sentimita 15 hadi 20 kila upande. Kwa kuwa haiwezi kuingia pande zote kwa pamoja, chimbeni tundu la upande mmoja zaidi, mwisukume huko kwanza, kisha mwirudishe. Kichwa kikae juu ya jiwe bapa, na pembeni muache nafasi ya hewa ya kidole kimoja. Kosa linalorudiwa kila siku ni kukizungushia saruji. Kichwa kilichozibwa huoza tena. Boriti za mikoko mnunue kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu.

Bafu ndani ya kile chumba, hapana. Maji ndiyo yanayoua nyumba hizi, na bomba lililozikwa ndani ya ukuta wa chokaa huvuja miezi kabla hamjaona doa. Wekeni mabafu pale kilipokuwa choo cha asili, au chini, mahali ambapo nyumba ilikusudiwa kupata maji. Wageni wawili wakitumia bafu moja la pamoja lililo kavu, ni bora kuliko dari kuanguka. Mabomba yapite nje ya ukuta yaonekane, upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Sakafu ya bafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na kabla ya kubandika vigae, zibeni tundu, jazeni maji, muache siku nzima huku mtu akichungulia chini.

Kuhusu zidaka, adui yake ni mikono mingi ya rangi inayofukia nakshi. Msichonge upya. Pigeni brashi laini kavu, kisha mchokonoe tabaka za juu kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, sehemu ndogo ndogo, na msimame mkiona uso wa awali. Pale plasta inapokuwa unga, nyunyizieni maji ya chokaa, yaani yale maji safi yanayokaa juu ya rojo likitulia, mara nyingi kwa siku kadhaa. Mwanya uzibwe kwa chokaa na mchanga laini, usiguswe na jasi wala saruji. Na msiweke taa zenye joto ndani ya kidaka.

Madirisha ya mbao yenye luva yamechakaa. Nibadilishe yote niweke aluminiamu na vioo? – Mwenye nyumba, Mombasa

Hapana. Kinachooza karibu kila mara ni kizingiti cha chini na luva mbili tatu za mwisho. Seremala akate sehemu mbovu, atie kiraka cha mbao ya aina ileile, na kizingiti kipya kichongwe mteremko wa nje ili maji yasikae. Luva huingiza upepo huku zikizuia jua na macho ya njiani. Dirisha la kioo likifungwa, mpangaji atalazimika kuwasha kiyoyozi mchana kutwa, na bili itakuwa sababu yake ya kuhama.

Nyumba yangu Mji wa Kale, Mombasa, ina mlango wa nakshi uliopakwa rangi ya mafuta mara nyingi, na chini umeoza. Kuna mtu ananipa fedha nzuri aubebe, aniwekee mlango wa chuma. Mpangaji naye anataka usalama. – Bwana wa Mombasa

Bwana, kwanza sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya 2006 inaihesabu milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa vitu vinavyolindwa. Kuuondoa na kuuza si jambo la wewe na mnunuzi tu. Nenda kwanza kwa Makumbusho ya Taifa. Unguja nako, kazi kama hiyo haianzi bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Usalama upo ndani ya mlango wenyewe: mbao zake ni nene, na mahali pa pingo, ule mti wa kuufungia mlango kwa ndani, mara nyingi bado papo. Rudisha pingo la mbao ngumu, uongeze komeo la chuma kwa ndani, skrubu ziingie kwenye mbao za nyuma zisizo na nakshi. Kufuli la kisasa lisichimbwe kwenye mfaa, ule ubao wa nakshi unaofunika pale mbao mbili zinapokutana.

Rangi ya zamani huenda ina risasi, kwa hiyo usiichome kwa moto wala kuisugua kavu kwa msasa. Vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Usikubali pia kuuogesha mlango kwa magadi makali. Mbao hubadilika rangi na nyuzi zake husimama. Tumia dawa ya kulainisha rangi, sehemu ya kiganja kwa kila awamu, ukwangue kwa kijiti cha mbao na mswaki wa zamani ukifuata mchoro wa nakshi. Ni kazi ya wiki kadhaa. Atakayekuahidi kumaliza kwa siku moja ana mashine ya kusugua, na mashine hiyo italamba ncha za maua na kuziacha butu daima.

Njumu za shaba, zile nundu za mapambo mlangoni, zisafishwe kwa kukata tundu kwenye kipande cha karatasi ngumu, ukalivisha kwenye njumu moja, ukasugua, ukahamia nyingine. Bila hivyo dawa ya shaba inaingia kwenye mbao na kuacha pete nyeupe ambayo haitoki.

Miimo, yaani nguzo za pembeni za fremu, imeoza chini kwa sababu imezungushiwa saruji ya njia. Chimbua saruji hiyo kwanza. Kata mbao mbovu tu, kwa mkato wa mshazari, utie kiraka cha mvule au msaji kulingana na ulichokuta, kwa gundi na vijiti vya mbao. Kama mlango unakwaruza sakafu, usiupige randa. Milango hii huzunguka kwa ncha zake ndani ya tundu la kizingiti, na tundu hilo ndilo lililolika. Tia kibao kipya cha mbao ngumu chenye tundu na mlango utarudi juu.

Umalizie kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mkono mwembamba, ukifuta yote yasiyoingia baada ya dakika 20. Vanishi ing'aayo hupasuka kwa jua na kuanza kuchunika. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukaviacha pembeni: vinaweza kuwaka vyenyewe. Viloweke majini au uvitandaze nje vikauke.

Shikamooni. Mimi ni mpangaji Shangani, mwenye nyumba ameniruhusu nikitengeneze chumba kwa gharama zangu, tutakatana kwenye kodi. Nataka kiyoyozi, rafu za vitabu, na rangi ya kisasa. Nifanye nini nisiiharibu nyumba ya watu? – Mpangaji

Marahaba, mwanetu. Umeuliza kabla ya kutoboa, na tunakushukuru.

Rangi: chokaa kama tulivyomweleza mama wa Kiponda. Ukitaka rangi nyingine, tia unga wa rangi ya udongo, usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa rojo, na uuloweke kwanza kwenye maji ya moto ili usiache michirizi. Ujaribu pembeni na usubiri ukauke, maana chokaa mbichi huonekana nzito zaidi kuliko ikikauka. Kama ukuta umeshapakwa rangi ya maji ya dukani, chokaa haitashika juu yake; ibandue kwanza kwa kikwangio.

Rafu zisimame sakafuni, karibu na ukuta ambako ncha za boriti zimekaa, sio katikati ya chumba. Picha uzitundike kwa ubao mwembamba uliofungwa kwa skrubu chache za urefu wa sentimita 8. Toboa kwa keekee bila mpigo wa nyundo. Tumbawe ni laini na huvunjika. Nyaya za umeme zipite kwenye mabomba juu ya ukuta, kufuata pembe na mstari wa boriti. Mtaro wa kuzika nyaya unakata lipu ya zamani na kuyaachia maji mlango.

Kiyoyozi hakikatazwi, ila mambo mawili. Kifaa cha nje hakiwekwi upande wa njia bila kibali. Kiwekwe uani au juu ya paa. La pili ndilo linalosahaulika: kinatoa maji lita kadhaa kwa siku wakati wa joto, na tumeona kuta nyingi zilizoota ukungu kwa sababu mrija uliachwa unadondokea hapohapo ukutani. Urefushe mpaka kwenye karo.

Na mapatano yenu myaandike. Piga picha kila ukuta, boriti, dirisha na mlango kabla ya kazi, wote wawili mtie saini nyuma ya picha, na mtaje kwa jina vitu visivyoguswa. Mwandike pia kwamba paa na milizamu ni juu ya mwenye nyumba, na isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli.